Wimbo Uliokatiwa Mlangoni

Kazi ya Albina Zupan ilikuwa kuanza nyimbo. Kuzimaliza hakukuwamo katika kazi hiyo, na mwenye duka, Wayne Fensler, alimwambia hivyo siku ya kwanza, kabla hata hajamwonyesha pa kutundika koti. Duka lilikuwa la vinanda vya umeme, ndani ya jumba la maduka la Wendham, na kinanda kizuri kuliko vyote kiliwekwa mlangoni kabisa, kikitazama chemchemi na mabenchi yake. Albina alikaa hapo saa nne asubuhi amevaa gauni refu la jioni, akapiga. Mpita njia mwenye mfuko wa soksi mkononi alisikia wimbo aliouchezea harusini kwake, akapunguza mwendo, akasimama. Basi pale pale roho yake ilipokuwa inaungoja mwisho, Albina aliinua mikono, akageuka, akatabasamu, akauliza kama kwao kuna mtu anayependa muziki.

"Wimbo ukiisha, mtu ameshapata alichokitaka, anakwenda zake," Fensler alimfundisha. "Ukiukata, miguu yake inakuwa yako."

Fensler alikuwa mtu wa maneno mengi na mengi hayakuwa na kichwa wala miguu, lakini hilo lilikuwa kweli. Vinanda viliuzwa. Wasichana wa duka la viatu lililotazamana na la Fensler walimbatiza Albina jina la Nusu. Asubuhi wakikunja nyavu za milango walimwuliza kama leo atawapa walau robo tatu, naye akawajibu kwamba robo iliyobaki wamwombe Fensler, huwa anailalia. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, ameachika, hana mtoto, na alipenda kutaniwa kwa sababu nyumbani utani ulikuwa umekoma.

Nyumbani kwao ilikuwa nyumba ya ghorofa kama nyingi za upande wetu wa Wendham, familia moja chini na nyingine juu. Juu alikaa Albina. Chini alikaa baba yake, Jernej Zupan, Mslovenia aliyeingia Ohio akiwa kijana na akodiani mgongoni na Kiingereza cha kuombea maji tu. Ili ujue kwa nini utani ulikoma kati ya ghorofa hizo mbili, sharti urudi Mtaa wa Tatu, na Mtaa wa Tatu haupo tena.

Ulikuwapo. Ulikuwa na bucha la soseji, sinema, duka la dawa lililouza na aiskrimu, na katikati yake duka la Jernej la akodiani. Alizitengeneza, alizipaka rangi, aliziuza, na Jumamosi alitoa kiti nje akapiga mwenyewe huku watu wakicheza kando ya barabara na mikoba yao ya sokoni. Albina alifundishwa humo, angali mdogo kiasi kwamba akodiani ilimficha uso. Jernej alikuwa na amri moja tu. Wimbo ukiuanza, uumalize, kwa maana mahali fulani kuna mtu ameinua mguu kuucheza, na si haki kumwacha na mguu hewani. Siku moja mtoto aliukatiza katikati ili ajikune pua. Jernej aligonga kaunta mpaka skrubu zikaruka, akamwanzisha upya tangu mwanzo, pua ikiwasha hivyo hivyo.

Kisha mji ukaingiwa na hofu. Kando ya barabara kuu, kwenye mashamba ya mahindi, miji mingine ilikuwa imejengewa majumba ya maduka yenye maegesho usiyoweza kuona mwisho wake, na watu wetu walianza kwenda huko Jumamosi. Baraza la mji likaleta mtaalamu. Mtaalamu akaleta mchoro. Akasema tusiende kando ya barabara kuu kuwafuata wateja. Tubomoe mtaa wetu wa kati, tujenge jumba la maduka papo hapo, lenye paa, lenye joto, lenye maji yanayoruka, na wateja watatufuata wenyewe. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi hatukuuacha mbachao tu, tuliuchana vipande, tukautupa, tukapigiana makofi.

Jernej alisimama kwenye mkutano huo akauliza swali moja. Aliuliza watu waliochorwa ndani ya jumba, wote wembamba na wote bila makoti, makoti yao wameyaacha wapi, maana Wendham kuna theluji mpaka Aprili. Ukumbi ukacheka. Mikono ilipohesabiwa, waliokataa walikuwa yeye na mwenye duka la majeneza, ambaye wateja wake hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Sheria iliwapa baraza uwezo wa kuchukua majengo kwa fidia, wakayachukua. Wenye maduka waliahidiwa kwamba watatangulizwa kupewa vyumba kwenye jumba jipya. Jernej alipewa nafasi ya chumba kidogo karibu na vyoo. Albina alimsihi akubali. Alimwambia watu watalazimika kupita hapo, kwani nani asiyekwenda chooni? Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, lakini Jernej hakuinama hata kufunga viatu vyake, alipandisha mguu kwenye kiti. Alikataa. Siku tingatinga lilipofika alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi kama yuko mazikoni, akatazama duka lake likianguka kwa ndani. Jioni ile, mezani, aliweka kiganja juu ya mkate akaapa kwamba mguu wake hautapita mlango wao maadamu yu hai.

Jumba lilifunguliwa mwaka wa sabini na nne. Mwaka uliofuata Albina alishuka ngazi akamwambia baba yake kwamba amepata kazi kwa Fensler. Jernej alikuwa anakula supu. Aliweka kijiko chini polepole.

"Kwa hiyo, Binka," akasema, "unakwenda kupiga muziki juu ya kaburi la duka langu."

"Duka lako halikufa kwa mkono wangu, baba. Lilikufa kwa sababu hukutaka kuinama."

Ndilo neno lenyewe. Alilisema wima, na koti amevaa. Jernej akachukua kijiko akaendelea na supu. Kuanzia siku hiyo walisemezana juu ya theluji, juu ya nani atashika koleo asubuhi, juu ya misa, juu ya mkate wa kokwa za jozi kama umeiva au bado. Habari za jumba la maduka hazikupita mlango wa jikoni. Hakuna aliyegomba. Ingekuwa nafuu wangegomba.

Na jumba lenyewe, tuseme ukweli, tulilipenda. Sasa kila mtu Wendham hujidai kwamba tangu mwanzo aliliona ni ujinga, lakini waliokuwa wakijaa humo walitoka wapi? Theluji ikianguka nje, ndani ulitembea na shati. Watoto walitupa senti kwenye chemchemi. Wasichana walinunua gauni za dansi ya shule, mama zao wakilia kwenye benchi. Krismasi iliteremshwa nyota kubwa kutoka darini, ikazunguka taratibu juu ya vichwa vyetu, tukaitazama midomo wazi watu wazima na akili zetu. Albina alikuwa katikati ya yote hayo, gauni lake likimetameta, na kwa miaka kadhaa aliamini kwamba yeye ndiye aliyeona mbali na baba yake ndiye aliyekosea.

Lakini kila siku, saa sita mchana, alipiga wimbo mmoja ambao Fensler hakumchagulia. Ulikuwa wimbo wa hatua tatu tatu, wa kucheza wawili wawili, uliotoka kwao Jernej. Mama yake Albina aliupenda, na alipokufa uliachwa kupigwa nyumbani. Albina alijua kwamba Wendham hakuna siri. Kuna mtu atausikia, atamkuta Jernej nje ya kanisa, atamwambia, Zupan, binti yako anaupiga ule wa marehemu mke wako. Na mzee, kiapo kiwepo kisiwepo, moyo utamvuta. Alijiahidi kwamba siku atakayomwona amekaa kwenye benchi la chemchemi ataupiga wote, mpaka tone la mwisho, na Fensler akitaka amfukuze. Hadi siku hiyo mwisho wa wimbo ule ulikuwa akiba ya baba yake. Kwa hiyo kila saa sita aliukata pale sauti inapopanda na kusimama kabla ya kushuka kurudi nyumbani, akageuka, akatabasamu.

Benchi lilikaliwa na watu wengi, ila si yeye.

Kulikuwa na mfagizi wa jumba, Odell Tarver, mtu mweusi mrefu aliyetoka Alabama, mwenye mkufu wa funguo kiunoni uliotangulia kusikika kabla hajaonekana. Yeye na Albina walitaniana tangu mwanzo. Siku moja alisimama karibu na kinanda, ameegemea dekio lake, akamwuliza, "Dada Albina, huu wimbo wa saa sita, kwani hauna mwisho?"

"Unao. Nimeuficha," Albina akasema. "Anayeutaka aje aombe."

Lilikuwa jibu lake la kila siku kwa wanunuzi, wengi walicheka wakaingia dukani. Tarver hakucheka. Alitikisa kichwa kidogo, akasukuma ndoo yake, akaenda.

Albina aliomba mara moja tu. Ilikuwa Krismasi, baba yake anakata mkate wa jozi, na yeye akasema kana kwamba ni jambo dogo kwamba mwaka huu wameteremsha nyota nzuri, na chemchemi imewekewa taa. Angekuja siku moja akatazama. Jernej aliendelea kukata. "Mlango ule si wangu," akasema. Albina alisikia neno la mtu mkaidi, akalimeza na mkate. Hakujiuliza kama kuna mlango mwingine.

Wala hakujiuliza kwa nini mzee alianza kutoka kila siku kabla ya saa sita, jua au theluji, akarudi viatu vikiwa na chumvi ya barabarani. Alisema daktari amemwamuru atembee. Albina akanunua soksi nene za sufu, akamwekea chini kwenye ngazi.

Jernej alikufa mwezi wa tatu, kitini kwake, theluji ingali imelundikana chafu kando ya njia. Ilikuwa miaka kumi tangu neno lile la supu. Albina alimzika akijua jambo moja, kwamba baba yake, aliyemfundisha kushika akodiani iliyomficha uso, amekufa bila kusikia noti moja ya kazi yake. Siku nyingine alimlaumu yeye na siku nyingine alijilaumu mwenyewe. Wimbo wa saa sita hakuupiga tena. Fensler alilalamika, akamwambia ule ndio uliokuwa ukisimamisha watu kuliko zote, naye akamwambia atafute mtu mwingine wa kuupiga. Hakuwapo.

La kuvunda halina ubani. Watu wakaacha kununua vinanda. Fensler akafunga, akahamia Florida kuuza nyumba za matrela, na huko nako, sina shaka, alikata maneno kabla ya mwisho. Duka kubwa la nguo lililoshika pembe moja ya jumba likahama, likabaki ukuta wenye kivuli cha herufi za jina lake. Wasichana wa viatu waliolewa, wakaondoka. Chemchemi ilivuja, wakaikausha, wakaifunika kwa mbao na zulia la kijani, wakaweka juu yake kibanda cha kurekebisha saa, kisha kibanda kikaondoka na zulia likabaki. Chumba cha Fensler kikawa ofisi ya kujaza kodi, kisha shule ya karate, kisha hakuna. Waliobaki kwa uaminifu ni wazee, tulioingia asubuhi mapema na viatu vya raba kuzunguka, kwa kuwa nje kuna barafu na nyonga haziungwi. Albina alikuwa mmoja wetu. Alipiga kinanda kanisani, mazikoni zaidi kuliko harusini, na nyimbo za kanisa alizimaliza zote, padri hakuwa na biashara ya kuuza.

Baraza la mji likaleta mtaalamu. Huyu alikuwa kijana, babu yake angeweza kuwa yule wa kwanza. Naye alikuja na mchoro. Akasema kosa la Wendham ni jumba hilo. Watu siku hizi wanataka mtaa, mtaa wa wazi, wenye miti, wenye viti nje ya maduka, pengine na muziki. Jumba libomolewe, mtaa upite katikati. Na jina lake, akasema kana kwamba amelitunga usiku, litakuwa Mtaa wa Tatu. Tulipiga makofi tena. Albina alikuwa ukumbini, safu ya nyuma, akawatazama watu wa kwenye mchoro. Hawa nao hawakuwa na makoti.

Kabla ya kubomoa, wakaamua jumba liagwe. Jumamosi moja ya Novemba milango ilifunguliwa, wakaleta kahawa na maandazi, wakabandika picha za zamani kutani. Mtu mmoja wa kamati alikumbuka yule mama wa kinanda, akaazima kinanda kidogo cha umeme shuleni, akakiweka mahali pale pale palipokuwa mlango wa Fensler. Albina alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaenda, kwa kuwa kukataa daima kulikuwa kwa baba yake.

Alipiga nyimbo za zamani, na watu waliokuja na vijukuu vyao wakasimama kwenye zulia la kijani. Mikono yake haikuwa imesahau kazi. Kila wimbo ulipokaribia mwisho iliinuka yenyewe, na watu wakacheka, wakapiga kelele za Nusu, Nusu. Akacheka nao. Kisha, bila kukusudia, vidole vyake vikaanza ule wa hatua tatu tatu, ambao havikuugusa tangu mazishi. Ukapanda, ukafika pale juu, na mikono ikainuka. Watu wakashangilia, wakarudi kwenye kahawa.

Mtu mmoja hakurudi kwenye kahawa. Alikuja na fimbo, polepole, akajishusha kwenye benchi karibu naye. Funguo hazikuwapo tena kiunoni, kwa hiyo Albina hakumjua hadi alipozungumza.

"Hata leo, dada Albina?" akauliza Odell Tarver. "Hujamsamehe tu?"

Albina alidhani anamsema Fensler, akasema Fensler hana la kusamehewa, kazi ni kazi.

"Simsemi Fensler. Mzee wako."

"Mzee wangu hakuwahi kukanyaga hapa, Tarver. Unajua vizuri."

Tarver akatazama sakafu. "Kwa mlango wa mbele, hapana," akasema.

Akamweleza. Jumba lilipokuwa bado jipya, alimkuta mzee mwenye kofia nyuma kabisa, kwenye mlango wa mizigo, anapima kwa hatua kutoka kwenye nguzo ya taa, ambayo ndiyo pekee iliyosazwa katika mtaa wa zamani. Mzee alisimama kizingitini akasema hapa ndipo ilipokuwa kaunta yake. Akasema milango mingine yote ni ya kwao, lakini huu uko kwenye ardhi yake, na kiapo hakiukatazi. Tarver alimfungulia. Nyuma ya maduka kulikuwa na ujia wa kupitishia mizigo, na ukuta wa Fensler ulikuwa mwembamba wa kusikia mtu akikohoa. Akamwekea kreti la mikate kuwa kiti. Mzee alikuja kila siku saa sita, akavua kofia, akaiweka gotini, akasikiliza wimbo mmoja. Ukishakatwa alingoja kidogo, akaondoka kwa ujia ule ule akipiga mbinja kipande kilichobaki mpaka mlangoni.

Albina alikuwa ameshika ukingo wa kinanda. Akauliza kwa nini hakumwambia.

"Aliniapisha. Na mtu wa nje haruhusiwi mle ndani, wangenitimua kesho yake," Tarver akasema. "Halafu nilidhani unajua, dada. Nilidhani unamkatia yeye. Nikakuuliza, unakumbuka? Ukasema anayeutaka aje aombe."

"Ulimwambia?"

"Neno kwa neno. Nilidhani ni salamu yake."

Albina aligeukia ilipokuwa chemchemi. Zulia la kijani lilikuwa tupu, na kule mezani mtu alikuwa anagawa maandazi ya mwisho.

"Alicheka," Tarver akaendelea. "Akasema, huyo ni wangu kabisa, mtoto wa nyoka ni nyoka. Akasema, alikuja kunililia nikubali kile chumba cha vyoo, nikamfunga mdomo. Acha na yeye anifunge. Lakini alisema siku utakayomsamehe utaupiga mpaka mwisho, na siku hiyo atazunguka aingie kwa mlango wa mbele, kiapo kitajijua. Na alikuja."

"Lini?"

"Majira ya baridi yale ya mwisho. Nilikuwa nasukuma theluji pale mlangoni, nikamwona amesimama nje ya kioo, kofia ameshaivua, kichwa kinapata theluji. Wewe ulikuwa ndani ya huo wimbo. Nikamshikia mlango. Nikamwambia, ingia, mzee. Akasema ngoja kwanza amalize, mpigaji hakatizwi katikati. Basi tukangoja, mimi nimeshika mlango, baridi inaingia. Ukafika pale juu. Kulikuwa na mama mmoja na mtoto, ukawageukia."

"Na yeye?"

"Akavaa kofia yake."

Albina aliweka mkono mdomoni, kisha akautoa. "Ilikuwa kazi, Tarver," akasema. "Fensler ndiye alitaka hivyo. Nyimbo zote nilizikata. Zote, kila siku, muulize mtu yeyote. Sikumkatia yeye. Ule mwisho nilikuwa nimemwekea."

"Najua sasa. Zamani upande huu nilifika saa sita tu, kumfungulia yeye. Leo nimekuona unazikata zote, hapo ndipo nilipoanza kujiuliza," mzee akasema. "Na yeye alikuja saa sita tu. Hizo nyingine hakuzisikia."

Majuto ni mjukuu, husema watu, na Albina hakuwa na mjukuu mwingine. Alikaa akifikiria soksi alizoweka kwenye ngazi, kwamba mzee alizivaa kuja kumsikiliza. Akafikiria kwamba ingetosha asahau siku moja. Miaka yote ile ya kupiga, ingetosha siku moja awe na homa, au Fensler awe hayupo, au yule mama na mtoto wake wasisimame, mikono ikachelewa kidogo kuinuka. Wimbo wenyewe hauna kipande kirefu kilichobaki pale. Ni pumzi chache. Akamwomba Tarver amwonyeshe.

Walipita mlango wa kijivu ulioandikwa kwamba wasiohusika wasipite, na hakuna aliyewazuia, kwani nani alikuwa anahusika tena? Ujia ulikuwa na baridi na harufu ya makaratasi yaliyolowa. Mlango wa mizigo ulikuwa mwishoni. Kreti lilikuwapo, au kreti jingine kama lile. Tarver hakutaka kuapa. Albina aliligusa kwa mguu. Kisha akamwomba Tarver akae hapo na aache mlango wa kijivu wazi, akarudi peke yake mbele.

Watu wa kamati walikuwa wanakunja meza. Kijana mmoja alikuwa ameshashika waya wa kinanda ili auchomoe, na Albina akamwambia auache. Alikaa. Akauanza wimbo tangu mwanzo, kama alivyoamriwa siku ya pua. Ulipopanda ukafika pale juu, mikono yake ilitaka kuinuka. Aliilaza. Ilimbidi aitazame, mmoja kisha mwingine, kama watoto wa mtu mwingine aliopewa kuwalinda, na vidole vilikosea noti mbili katika kile kipande ambacho havikuwa vimekipiga tangu ujana wake. Lakini ulishuka. Ulishuka wote, ukafika nyumbani, ukakaa kimya. Kwenye meza walikunja miguu ya chuma, hakuna aliyepiga makofi, maana hawakuzoea kwamba umeisha.

Fimbo ya Tarver ilisikika kabla yake mwenyewe. Alisimama kando ya kinanda, anahema.

"Imesikika?" Albina akauliza.

"Yote, dada. Mpaka mwisho."

"Na nyuma kuna nani?"

Tarver alivua kofia yake. "Kreti tu, dada Albina," akasema. "Kreti na baridi."